Dawa Ikijaribiwa, Nani Anatulinda?

Hapa Gisenyi kuna swali tunaloulizwa mara nyingi: "Wakija kujaribu dawa, si wanatufanya panya?" Tulijibu kwa jambo lililotokea kwetu, ng'ambo ya mpaka.

Novemba 2018, Ebola ikiua watu Kivu Kaskazini, utafiti ulianza Beni, kisha ukafika Butembo, Katwa na Mangina. Dawa zilikuwa nne, na hakuna aliyejua ipi inaponya zaidi. Kwa hiyo daktari hakuchagua; ilikuwa kama kupiga kura. Kila mgonjwa aliyekubali alipewa mojawapo, pamoja na matunzo ya kawaida.

Nyuma ya madaktari kulikuwa na jopo la usalama. Watu hawa hawatibu wagonjwa wala hawauzi dawa. Kazi yao ni kupitia hesabu utafiti ukiendelea: nani kapona, nani kafariki, nani kadhurika.

Mpango ulikuwa kufikisha wagonjwa 725. Agosti 2019 jopo likatazama matokeo ya wagonjwa 499. Kwa dawa mbili, karibu nusu ya wagonjwa walikuwa wamefariki. Kwa mbili nyingine, karibu theluthi. Jopo halikungoja hesabu itimie. Lilishauri zile dawa mbili dhaifu ziachwe, na wagonjwa wapya wapewe mojawapo ya zile mbili bora tu. Ikafanyika hivyo. Bila jopo, wengine wangeendelea kupewa dawa dhaifu.

Kuna mlinzi mwingine, anayekuja mapema zaidi: kamati ya maadili. Hiyo husoma mpango wote kabla mtu wa kwanza hajachomwa sindano, na inaweza kuukataa. Rwanda ina kamati yake ya taifa.

Mlinzi wa tatu ni wewe. Usiweke kidole kwenye karatasi usiyoielewa. Omba isomwe kwa lugha yako, kisha uliza: Dawa hii imejaribiwa wapi? Inaweza kunidhuru vipi? Kamati gani imeidhinisha? Nikiugua usiku, nimpigie nani?

Una haki ya kukataa, au kukubali leo na kujitoa kesho. Hilo halipaswi kukunyima posho wala matibabu. Chanjo ya Ebola iliyotolewa hapa Rubavu kuanzia Desemba 2019 ilikuwa ya hiari.

Mtu akikuambia usiulize, hapo ndipo uulize zaidi.