Mwaka wa Usharika Uchagani

Sharika za Kilutheri zilizo kwenye miteremko ya Kilimanjaro huongozwa na kalenda mbili, ya Kanisa na ya kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo linalozunguka nyumba. Ya kwanza ililetwa na wamisionari Wajerumani wa Leipzig waliofungua kituo Machame mwaka 1893. Ya pili waliikuta. Mmoja wa wamisionari hao, Bruno Gutmann, aliyetumika Old Moshi hadi 1938, alishikilia kwamba usharika usimame juu ya ukoo, ujirani na rika. Sikukuu za huko bado zinaelekea kuthibitisha hoja yake.

Mwaka wa Kanisa huanza na Majilio, mishumaa minne ikiwashwa mmoja kila Jumapili. Wakati huo kijiji kinasubiri Krismasi, na kinasubiri watu pia. Wachagga waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurudi nyumbani, mabasi yakijaa pomoni. Kwa hiyo ubatizo na harusi hulimbikizwa Desemba, na mchungaji hana pa kupumulia. Baada ya ibada ukoo hukusanyika kihambani, mbuzi huchinjwa, na yaliyolala mwaka mzima husemwa. Anayeomba msamaha hupeleka jani la sale, ishara iliyotangulia Ukristo na ambayo hadi leo ni vigumu kuikataa.

Kwaresima huwakuta wengi shambani, kwa kuwa masika yanaanza na mbegu hazingoji. Pasaka mara nyingi huja na mvua na utelezi. Matarumbeta, urithi wa Wajerumani, hupigwa hata hivyo. Bila hayo sikukuu huonekana imepungukiwa.

Mahindi na maharage yakishavunwa huja sikukuu ya mavuno. Mikungu ya ndizi, magunia, maboga na mayai hupangwa mbele ya altare, kisha baada ya ibada mnada hufunguliwa nje. Jogoo aliyefungwa miguu huinuliwa juu, bei hupandishwa kwa utani, na aliyemnunua huweza kumrudisha auzwe tena, hata mara tatu. Yai moja hununuliwa kwa bei ambayo dukani ingeleta trei nzima. Mwenye mshahara asiye na shamba hutoa bahasha, lakini kwa kawaida naye hujitosa mnadani, maana bahasha haionekani na majirani. Fedha zinazopatikana huingia katika kazi za usharika, na ujenzi ndio usioisha.