Kwa nini mwandishi wa uchunguzi hufundishwa kusoma nyayo za wengine na kuficha zake

Waandishi wa habari za uchunguzi katika eneo letu hualikwa kwenye mafunzo ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kazi yenyewe: kusoma hesabu za halmashauri, kumtafuta mmiliki halisi wa kampuni, kuthibitisha video. Ya pili ni ya usalama wa kidijitali, yaani nywila, simu na barua pepe. Mara nyingi hayo ya pili huwekwa mwishoni, jioni ya siku ya kufunga, washiriki wakiwa wamechoka na wanasubiri nauli. Sisi tunaona mpangilio huo una kasoro, kwa sababu mambo hayo mawili kwa kweli ni somo moja.

Tuanze na uchunguzi. Julai 2018 ilisambaa mtandaoni video ya wanajeshi wakiwaswaga wanawake wawili na watoto wawili wadogo, kisha kuwapiga risasi. Serikali ya Cameroon ilisema ni habari ya uongo. Timu ya BBC Africa Eye ilianza na kitu kimoja tu, picha yenyewe. Walilinganisha vilele vya milima vinavyoonekana nyuma na picha za setilaiti, wakapata kwamba ni karibu na mji wa Zelevet, kaskazini ya mbali ya nchi hiyo. Nyumba zilizokuwapo mwaka huu na zisizokuwapo mwaka ule ziliwasaidia kupata kipindi, na vivuli vya wanajeshi vikaonyesha jua lilikuwa wapi angani. Hitimisho lao lilikuwa kwamba mauaji yalitokea kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanajeshi wanne kifungo cha miaka 10 kila mmoja.

Hiyo ndiyo kazi ya kusoma nyayo, na inafundishika. Haihitaji mitambo ya gharama. Inahitaji intaneti, uvumilivu na mtu wa kukuonyesha mara ya kwanza. Jambo mojawapo ambalo mshiriki huambiwa mapema ni kuomba faili halisi. Picha ya simu hubeba ndani yake saa na tarehe, aina ya simu na, kama huduma ya mahali imewashwa, sehemu hasa ilipopigwa. Ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Ikitumwa kama faili, hubaki. Kwa mchunguzi, tofauti hiyo ndogo ni utajiri.

Lakini faili hiyo hiyo ikitoka kwake kwenda hewani bila kusafishwa, inamtaja aliyeipiga. Desemba 2012 jarida la Vice lilichapisha picha ya John McAfee, mfanyabiashara wa programu za kompyuta ambaye polisi wa Belize walikuwa wakimtafuta kwa mahojiano. Ndani ya picha hiyo mlikuwa na vipimo vya mahali. Wasomaji wakavisoma, wakajua yuko Guatemala, na siku chache baadaye akakamatwa huko. Yeye alikuwa tajiri mwenye mawakili. Mfikirie muuguzi wa zahanati aliyepiga picha ya rafu tupu za dawa kwa simu yake mwenyewe.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa Marekani, mwaka 2017. Tovuti ya The Intercept ilipata nakala ya waraka wa siri kuhusu jaribio la Urusi kuingilia mifumo ya uchaguzi. Ikafanya kile ambacho kila mkufunzi hufundisha: ilitaka kuthibitisha. Nakala yake ikafika mikononi mwa maofisa wa serikali. Wao wakaona karatasi ilikuwa na mikunjo, dalili kwamba ilichapwa na kutolewa nje kwa mkono. Wakaangalia nani aliichapa: watu 6. Kati ya hao, mmoja alikuwa amewahi kuwasiliana na tovuti hiyo kwa barua pepe akitumia kompyuta ya ofisini. Reality Winner alikamatwa kabla habari haijatoka, na mwaka 2018 akahukumiwa kifungo cha miaka 5 na miezi 3.

Hapo hakuna mdukuzi wala programu ya kijasusi. Palikuwa na mwandishi aliyetaka kuhakikisha habari yake ni ya kweli. Kwa hiyo mtu aliyefundishwa kuthibitisha bila kufundishwa kulinda anaweza kumfunga mtoa habari wake kwa nia njema kabisa. Angeweza kuandika upya maneno ya waraka na kuyauliza hayo, badala ya kuonyesha karatasi yenyewe.

Kwetu sisi watu wa redio kuna jambo ambalo mafunzo mengi hulipita haraka, nalo ni sauti. Wengi hudhani kuifanya sauti iwe nzito au nyembamba kunatosha kumficha msemaji. Haitoshi, kwa kuwa mara nyingi mtu mwenye programu ya kawaida ya kuhariri sauti anaweza kuirudisha karibu na ilivyokuwa. Tena jirani humtambua mtu kwa namna anavyovuta maneno, kwa methali anayoipenda, hata kwa kikohozi chake. Nyuma ya sauti nako kuna adhana, honi ya kivuko, mashine ya kusaga, watoto wa shule wakiimba. Njia salama zaidi ni mtu mwingine kuyasoma maneno hayo studioni, na msikilizaji aambiwe wazi kwamba ndivyo ilivyofanyika. Hupunguza ladha, tunakubali.

Halafu kuna simu. Mei 2025 polisi wa Kenya waliwakamata watengenezaji filamu wanne jijini Nairobi, siku chache baada ya BBC kutoa filamu kuhusu waandamanaji waliopigwa risasi nje ya bunge Juni 2024. BBC ilisema wanne hao hawakuhusika kuitengeneza. Waliachiwa, lakini vifaa vyao vilibaki kwa polisi kwa muda. Viliporudishwa, wataalamu wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto walivichunguza, na Septemba mwaka huo wakaeleza kwamba simu za wawili kati yao zilikutwa na FlexiSPY, programu ya kijasusi inayouzwa madukani mtandaoni, iliyowekwa wakati simu zikiwa mikononi mwa polisi. Programu hiyo inaweza kusoma ujumbe, kurekodi mazungumzo na kufuatilia mwenye simu alipo.

Somo la wakufunzi hapa ni rahisi kulisema na gumu kulitii: simu iliyotoka mikononi mwako kwa nguvu si yako tena hata ikirudi. Usiiwashe ukaendelea na kazi. Ipelekwe kwa wataalamu, nywila zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine, na vyanzo waarifiwe kwa njia nyingine. Kabla ya safari yenye hatari, simu yenye majina yote ibaki nyumbani. Iliyobebwa ifungwe kwa namba ndefu badala ya kidole, na izimwe kabisa kabla ya kufika kizuizini, maana simu iliyozimwa ni ngumu zaidi kufunguliwa kuliko iliyofungwa kioo tu.

Je, kila mwandishi aogope programu kubwa kama Pegasus, ile inayoweza kuingia bila mwenye simu kubonyeza chochote? Hapana. Mwandishi wa wilayani anayechunguza uuzaji wa viwanja vya shule ana maadui wa karibu zaidi: WhatsApp iliyoachwa wazi kwenye kompyuta ya ofisi, fundi simu aliyepewa nywila, laini iliyosajiliwa kwa jina lake ambayo kampuni ya simu inajua ilimpigia nani, saa ngapi na kupitia mnara upi. Ujumbe wa kawaida wa simu haujafungwa kwa msimbo kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Swali la kwanza la mafunzo mazuri ni nani asingependa habari hii itoke, na ana uwezo gani, kabla ya kuuliza utumie programu ipi.

Washiriki wakirudi kazini, mengi ya haya hukwama kwa mtu ambaye hakualikwa: mhariri. Mwandishi ametoka kufundishwa kutotaja chanzo kwa simu, na jioni hiyo hiyo mhariri anamwandikia kwenye kundi la chumba cha habari, mbele ya watu 30, "Nani amekuambia haya? Nitumie jina na namba." Wanaoandaa mafunzo wangemweka mhariri kwenye orodha ya washiriki kabla ya mwandishi, na pesa zikibaki walipie simu ya pili kwa yule wa wilayani anayelipwa kwa kila habari.