Kigiriki cha Kale na Pwani ya Azania

Masomo ya shahada ya pili katika ustaarabu wa Wagiriki na Warumi wa kale mara nyingi humtaka mwanafunzi azisome matini katika lugha zao zenyewe. Manufaa ya sharti hilo yanadhihirika katika Periplus ya Bahari ya Erithrea, kitabu cha karne ya 1 B.K. ambacho mwandishi wake hajulikani kwa jina. Kitabu hicho chasema kuwa Rhapta, soko la mwisho katika pwani ya Azania, lilipata jina lake kutokana na mashua zilizoshonwa. Kauli hiyo humwelea ajuaye kwamba kitenzi cha Kigiriki rhaptein maana yake ni “kushona”; tafsiri huificha nasaba hiyo. Msomaji wa Kiswahili naye hukumbuka mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari.

Chasema pia kuwa manahodha wa Kiarabu walioana na wenyeji na kuijua lugha yao. Lakini lugha hiyo hakiitaji jina. Kwa hiyo, anayekitumia kuthibitisha ukale wa Kiswahili hukisemesha lisilokuwamo. Mpimaji wa madai kama hayo hana budi kurejea Kigiriki chenyewe.