Maana ya Kazi Si ya Wenye Vyeo Pekee

Wazazi wengi hufurahi mtoto anaposema atakuwa daktari au mhandisi. Nyuma ya furaha hiyo imo dhana kwamba kazi yenye maana ni ya wenye vyeo, na kwamba mfagiaji hatafuti ila ujira.

Mwaka 1997 Amy Wrzesniewski na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi 196, wakitazama nani huiona kazi yake kuwa njia ya riziki tu, nani ngazi ya kupandia cheo, na nani wito. Makatibu muhtasi 24 waliokuwamo waligawanyika karibu sawasawa katika mafungu hayo matatu, ilhali kazi yao ni moja.

Hata hivyo, tabaka lina nguvu yake: katika uchunguzi huohuo, wenye wito kwa jumla walikuwa na kipato na elimu zaidi. Si haki kumhubiria wito mtu anayepunjwa.

Basi, ewe mzazi, anza na dada wa kazi nyumbani mwako. Mlipe kabla jasho lake halijakauka, mwite kwa jina lake, na umweleze mwanao kwamba afya yenu imo mikononi mwake.