Mdomo wa Injini ya Ndege

Mapaa ya Soko Kuu la Kariakoo, yaliyobuniwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970, yalifanywa mfano wa miamvuli iliyopinduliwa, ili yakusanye maji ya mvua na kuyateremsha chini. Juu yake hupita ndege zishukazo kuelekea Kiwanja cha Julius Nyerere, kiasi cha kilomita 10 upande wa kusini-magharibi. Wanafunzi wengi hudhani kwamba mdomo wa injini nao ni faneli ya namna hiyo, wa kuisukumiza hewa ndani kwa kasi. Sivyo. Ndege ikiwa safarini, kazi yake ni kuipunguzia hewa mwendo.

Airbus A220 huruka kwa takriban 0.8 ya kasi ya sauti. Ncha za mapanga ya feni zinakwenda mbio mno tayari. Hewa ikizifikia kwa kasi hiyo nzima, nguvu nyingi hupotea. Yafaa ifike ikiwa na kati ya 0.5 na 0.6. Kwa hiyo njia yake hupanuliwa kidogo kidogo, na kama Bernoulli alivyoonyesha, mwendo ukipungua kanieneo huongezeka. Asilimia 1 ya kanieneo ikipotea hapo, msukumo hupungua kwa zaidi ya asilimia 1. Njia ikipanuka ghafla, hewa huachana na ukuta ikazunguka ovyo, mfano wa maji ya Mto Msimbazi nyuma ya nguzo ya daraja.

Taabu kubwa zaidi huwa wakati wa kuruka. Ndege ikiwa bado haina mwendo, injini hunyonya hewa kutoka pande zote, nayo hulazimika kukata kona kali ukingoni. Tena Dar es Salaam njia ya ndege imelala kaskazini-mashariki kwa kusini-magharibi, na kusi huivumia ubavuni! Ukingo ukiwa mwembamba, hewa hubanduka na injini yaweza kupaliwa, ikitoa mshindo. Ukiwa mnene, hewa hupinda salama, lakini angani unene huo huzidisha ukinzani na gharama ya mafuta.

Baadhi ya Boeing 737 za mwanzo zilitiwa vilango vya springi ubavuni mwa mdomo: vilifunguka vyenyewe wakati wa kuruka, vikajifunga mwendo ulipoongezeka. Viliongeza kelele, baadaye viliachwa, ukingo ukanenepeshwa.