Deni Lisilo na Mdai wa Kusimama

Kila tunaposindikiza maiti, husimama mmoja wa jamaa zake akawatangazia waliohudhuria: anayemdai marehemu na amwendee mwanawe au nduguye, yeye atalibeba deni. Tangazo hilo tumelisikia tangu utotoni, na asili yake twaijua. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari 3 na hakuacha cha kulilipia. Akawaambia masahaba wamswalie mwenzao. Yeye hakumswalia mpaka Abu Qatada (r.a.) alipojitwika deni lile.

Zamani mdai alikuwa mtu tunayemjua: mwenye duka la mtaani na daftari lake, mshoni, jirani wa ukuta mmoja. Leo wengi wetu tunadaiwa na mdai aliye ndani ya simu. Huyo haji mazikoni, wala hasimami tangazo linapotolewa. Lakini naye ana daftari lake, na wino wake haufutiki upesi.

Daftari hilo huwekwa na mashirika ya taarifa za mikopo, ambayo sote twayaita CRB. Hapa Kenya yaliyopewa leseni na Benki Kuu ni matatu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Benki huyapelekea habari za kila mkopaji, njema na mbaya. Mkopo usiolipwa kwa siku 90 huhesabiwa kuwa umekwama, na kwa kanuni za mwaka 2020, deni la kuanzia shilingi 1,000 linatosha kumwandikisha mtu vibaya. Hata akishalipa, habari ile hubaki katika kumbukumbu kwa miaka 5, ingawa huonyeshwa kuwa deni limelipwa.

Huenda msomaji akasema, "Sisi hatuli riba wala hatuilipi, CRB yatuhusu nini?" Kauli hiyo ni njema, na laiti sote tungeishikilia, kwani mkopo unaorejeshwa kwa nyongeza hauhalaliki kwa kubadilishwa jina ukaitwa ada. Lakini tutazame mfano wa mama anayeuza mahamri na viazi vya karai barazani kwake. Hajapata kukopa kwa riba maishani mwake. Anataka friza ya kuuzia barafu na sharubati, akaenda kwenye benki ya Kiislamu kuomba murabaha, yaani benki inunue friza, imuuzie kwa faida iliyotajwa wazi, naye alipe kwa mafungu. Benki hiyo nayo hutazama daftari lilelile. Mle mlikuwa na deni la shilingi 2,300 lililochukuliwa kwa laini yake. Simu aliishika mwanawe, na nambari ya siri aliijua. Mama akarudi bila friza, na nyumbani kukawa na kimya kizito kuliko deni lenyewe.

Hapo ndipo tunapoona kwamba jina jema la mtu mbele ya wanaomwamini ni amana ya nyumba nzima. Hujengwa kwa mambo madogo, na huvunjwa kwa madogo vilevile.

La kwanza ni kujua tumeandikwa nini. Kila Mkenya ana haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka, na akikuta deni asilolijua ana haki ya kulipinga ili lichunguzwe. La pili ni kuilinda laini ya simu na kitambulisho kama tunavyoulinda ufunguo wa nyumba. Hata mtoto tunayempenda asipewe nambari ya siri. Na tukigundua kosa lake, tumkalishe tuseme naye, alilipe hata kwa shilingi 50 kwa siku, ili ajue uzito wake.

La tatu ni kuandika. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kupita zote katika Qur'ani, yatuamrisha tuliandike deni lenye muda maalumu na tuweke mashahidi. Ajabu ni kwamba twaona haya kumwandikia ndugu, kisha twagombana naye miaka kumi. La nne ni kusema mapema. Mwenye kuona siku ya malipo yaja na mkono mtupu, na amwendee mdai kabla ya siku yenyewe. Kuzima simu humgeuza mwenye shida akaonekana mwenye hila.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika miji yetu maneno hayo yamekuwa kweli tupu: bi harusi amekwishajifungua na nguo za ukumbini bado zinadaiwa. Harusi ndogo iliyolipiwa haimwondolei mtu heshima.

Wenye kudai nao wana wajibu wao. Aliye na dhiki kweli apewe muhula, kama Mola alivyotuelekeza, na wenye madeni wametajwa miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahiki zaka. Lakini mwenye uwezo akichelewesha kusudi, Mtume (s.a.w.) ameiita hiyo dhulma.

Basi wiki hii, baada ya swala ya Isha, tuketi kama jamaa na daftari moja. Kila mtu aandike anachodaiwa, na nani, lini kitalipwa. Deni la simu liandikwe sawa na la dukani. Dawa ya deni ni kulipa, na asiyelijua deni hawezi kulilipa. Siku atakaposimama mwana wetu mbele ya jeneza kutoa tangazo, awe tayari anayo mkononi orodha, ikiwa na mistari michache, au ikiwa tupu kabisa.

Mwenyezi Mungu atutoshelezee halali yake, atuepushe na haramu, na atujaalie kufa hali hatudaiwi. Amin.