KENYA: Kazi ya nyumbani, waajiri wana ndimi mbili

Ndugu wafanyakazi, mkisikia habari za watu kufanyia kazi nyumbani, wengi wenu hucheka. Majani ya chai hayachumwi kitandani, wala mtambo wa kusokota nyuzi hauingii chumbani. Lakini sisi tunaozunguka kwa shughuli za chama tunaona jambo hili linawahusu, na huko kwa jirani zetu wa Kenya tumeliona vizuri.

Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Kenya, Rais Uhuru Kenyatta aliwahimiza waajiri wawaruhusu watu wao wafanyie kazi nyumbani. Makarani wakaondoka na kompyuta zao. Huko Naivasha maua yalikosa soko Ulaya, na maelfu ya wafanyakazi wa mashamba wakarudishwa nyumbani bila malipo. Mmoja alikwenda nyumbani na mshahara, mwingine alikwenda na njaa.

Ugonjwa ulipopungua, waajiri wengi waliwaita makarani warudi. Walisema mtu akiwa kwake hulegea, hana wa kumsimamia. (Wanyapara wetu nao huamini kwamba mkono haufanyi kazi bila jicho.) Lakini walioendelea kufanyia kazi nyumbani walipigiwa simu hata usiku wa manane. Mwaka 2022 mswada ukaletwa kwenye Seneti ya Kenya ili mfanyakazi awe na haki ya kutojibu simu za kazi baada ya saa za kazi. Shirikisho la Waajiri, FKE, likaupinga.

Sasa twende Ukambani. Tulimtembelea mama mmoja anayesuka viondo vya katani, katani kama hiyo mnayoikata ninyi mashambani. Analipwa kwa kila kiondo. Rangi ananunua mwenyewe, mafuta ya taa pia. Kiondo kikipinda anarudishiwa, na siku zake zimepotea bure. Tulipoingia, binti yake wa darasa la nne alikuwa akisokota nyuzi pajani, daftari la shule likiwa chini ya mkeka.

Tulimwendea mnunuzi, tukamwuliza kwa nini mama huyu hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi wake.

"Huyu si mfanyakazi wangu," akajibu. "Yuko kwake, ana biashara yake."

"Na bei ya kiondo anapanga nani?"

"Mimi."

Basi karani akiwa nyumbani ni mvivu wa kuchungwa, na mama akiwa nyumbani ni mfanyabiashara huru! Tuonavyo sisi, nyumba si hoja hata kidogo. Hoja ni nani analipia taa, na nani anashika saa.

Jambo hili ni la dunia nzima. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilihesabu watu milioni 260 waliokuwa wakifanyia kazi nyumbani mwaka 2019, kabla ya korona. Mwaka 1996 shirika hilo lilipitisha Mkataba Namba 177, unaosema wanaofanya kazi ya mwajiri majumbani mwao watendewe sawa na wafanyakazi wengine katika malipo, usalama na haki ya kujiunga na chama. Kundi la waajiri halikuuunga mkono. Mkataba ulianza kutumika mwaka 2000, nao umeridhiwa na nchi chache tu.

Wanawake wa Ahmedabad, India, hawakungoja mkataba. Mwaka 1972 walipotaka kuandikisha chama chao, SEWA, ofisi ya kazi ilikataa kwanza, ikisema hawana mwajiri wa kupambana naye. Walishikilia mpaka kikaandikishwa mwaka huo huo.

Tulipoaga, yule mama wa Ukambani alituuliza kama chama chetu kina kadi ya mtu kama yeye. Hatukuwa nayo. Tumelipeleka swali lake kwenye kamati mara mbili, na mara zote mbili limeahirishwa.